Lamu Mashariki, Othaya na namba 164,015: kwa nini ramani ya maeneo bunge inapingwa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 22,258 katika Lamu Mashariki. Kisauni, kaunti ya Mombasa, ilikuwa na 291,930. Kila upande una mbunge mmoja, na Bungeni kura ya huyu haizidi ya yule. Ukipiga hesabu, mkazi mmoja wa Faza, Lamu Mashariki, ana uzito wa wakazi kumi na watatu wa Mtopanga au Magogoni, Kisauni.

Namba hizo hizo huzaa hasira mbili. Wa Kisauni huuliza kwa nini uraia wake umekatwa vipande kumi na vitatu. Wa Kizingitini, Lamu Mashariki, huuliza: mkinitia katika eneo moja na Mpeketoni, Witu na Hindi za Lamu Magharibi, waliotuzidi zaidi ya mara tano, nitamchagua nani, na huyo atakayechaguliwa atanijua kwa lipi? Wote wawili wana Katiba ya Kenya mkononi, na wote wawili wamefungua ibara ya 89, ile ya mipaka ya maeneo bunge. Ndiyo maana kila linapotajwa suala la kupitia mipaka ya maeneo bunge, wanasiasa huanza kuhutubia mazishini, wazee hukutana, na mawakili hupata kazi.

Wengi huwaona wanaopinga kuwa ni watu wasioelewa demokrasia, au waliochochewa na mbunge anayeogopa kupoteza kiti. Uchochezi upo, tusidanganyane. Lakini ukiangalia mambo yaliyofungwa kwenye eneo bunge nchini Kenya, utaona kwamba mtu wa kawaida anayepinga ana sababu zake, na baadhi ni nzito kuliko za mbunge wake.

Ibara ya 89 inasema nini hasa

Katiba ya 2010 iliweka maeneo bunge kuwa 290. Idadi hiyo imeandikwa kwenye Katiba yenyewe, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, haina mamlaka ya kuongeza hata moja. Inachoweza ni kuchora upya mistari ndani ya 290, kubadili majina, na kuhamisha viti. Eneo jipya likizaliwa Ruiru, kaunti ya Kiambu, lazima jingine life mahali fulani. Shina la ugomvi wote ni hapo.

Kisha Katiba inataka kila eneo bunge likaribie wastani wa kitaifa: idadi ya watu wote nchini ikigawanywa kwa 290. Kwa sensa ya 2009, iliyohesabu watu 38,610,097, wastani ulikuwa 133,138. Kwa sensa ya 2019, iliyohesabu 47,564,296, wastani umepanda hadi 164,015.

Hakuna anayedai kila eneo lilingane na namba hiyo kichwa kwa kichwa. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, na kwa majiji na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, asilimia 40. Kwa hiyo eneo la kawaida linatakiwa liwe kati ya watu 114,810 na 213,219 hivi. La jangwani, la visiwani au la jijini, kati ya 98,409 na 229,621. Nafasi hiyo ya kupanda na kushuka ina masharti yake. Tume inaitumia kwa kuzingatia sura ya nchi na miji, umoja wa jamii pamoja na historia, uchumi na utamaduni wao, na njia za mawasiliano.

Hivi ni vigezo vya aina mbili vinavyovutana. Kimoja kinahesabika kwa kikokotoo. Vile vingine vinahitaji mtu aende, akae, asikilize. Wanaopinga mipaka mipya karibu wote husimama upande wa pili, wakitaja historia, utamaduni na umbali. Wanaoidai husimama upande wa kwanza. Katiba haikuacha mizani sawa, maana historia na utamaduni vinaweza kukusogeza ndani ya asilimia 30 au 40 tu. Ukishatoka nje ya hapo, hata historia ya miaka elfu haikuokoi.

Mapitio yanapaswa kufanywa kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12, na yawe yamekamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Mara ya mwisho mipaka ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali tarehe 6 Machi 2012. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, na siku hiyo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja. Mwenyekiti na wenzake wawili walimaliza muda wao Januari 2023, wanne waliobaki walijiuzulu au kuondolewa kufuatia mgawanyiko wa uchaguzi wa 2022, na makamishna wapya wakaapishwa Julai 2025. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, mipaka mipya isiyokamilika kufikia Agosti 2026 haiwezi kutumika.

Kinga iliyokwisha

Kwa nini basi Lamu Mashariki ipo hadi leo? Walioandika Katiba waliona mbele. Katika masharti ya mpito, Jedwali la Sita, waliweka kwamba mapitio ya kwanza chini ya Katiba mpya yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo siku Katiba ilipoanza kutumika, yaani Agosti 2010. Bila sharti hilo huenda kura ya maoni ingekuwa ngumu zaidi, maana wabunge wa maeneo madogo wasingeipigia debe katiba inayowazika.

Mwaka 2012, maeneo 27 hivi yaliyokuwa chini ya kiwango yaliponea hapo. Wakenya wakayaita maeneo yanayolindwa. Lamu Mashariki ilikuwamo. Walikuwamo pia Wundanyi kule Taita, Budalangi kwenye mdomo wa mto Nzoia, na kundi zima la Kenya ya Kati: Othaya, Tetu na Mukurweini za Nyeri, Kangema na Mathioya za Murang'a, Ndaragwa ya Nyandarua.

Kinga ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu. Yajayo ni ya pili. Watu wakisema "tunafutwa", ndicho wanachomaanisha, na kisheria hawajakosea.

Lamu, ambako hesabu haitoki

Nianze na Lamu kwa sababu ndiko mgongano ulipo wazi kuliko kwingine kokote.

Kaunti nzima ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920. Soma tena, kisha tazama wastani: 164,015. Hata ukiifanya kaunti nzima eneo bunge moja, bado itakuwa chini ya wastani wa kitaifa. Leo ina mawili. Kuna wanaopendekeza suluhisho la haraka: sogezeni mpaka, wadi mbili tatu za Magharibi ziende Mashariki, mambo yaishe. Hayaishi. Ukigawa 143,920 nusu kwa nusu, kila upande unapata 71,960, wakati kiwango cha chini kabisa, kile cha sehemu zenye watu wachache, ni 98,409. Hakuna mstari wowote unaoweza kuchorwa ndani ya Lamu ukaacha maeneo bunge mawili halali. Kwa kikokotoo, Lamu ina mbunge mmoja, pamoja na seneta wake na mwakilishi wa kike wa kaunti.

Sasa tazama upande wa pili wa ibara. Lamu Mashariki ni wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Ni kisiwa cha Pate na vijiji vyake vya Siyu, Kizingitini, Tchundwa na Faza yenyewe, ni visiwa vya Ndau na Kiwayu, na ni pwani ya bara inayopanda hadi Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Wengi ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia. Ndani ya Basuba wanaishi Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, katika vijiji kama Milimani, Mangai na Kiangwe kandokando ya msitu. Kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda Kiunga ni safari ya mashua, na mashua hungoja maji na upepo wa msimu. Kwa nchi kavu, barabara imekuwa ya hofu kwa miaka mingi.

Lamu Magharibi ni nchi nyingine. Amu na Shella zimo, lakini wingi wa kura uko bara: Mpeketoni, Hindi, Witu, Hongwe. Mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulioanza miaka ya 1970 ulileta huko familia nyingi za wakulima kutoka sehemu za juu za nchi, na watoto wao na wajukuu wao ni wenyeji wa hapo leo, wenye haki zote za raia. Haya hayaandikwi ili kumpinga mtu. Yanaandikwa kwa sababu Katiba yenyewe imetaja umoja wa jamii na njia za mawasiliano, na kwa vigezo hivyo viwili Kizingitini na Mpeketoni ni mbali sana kwa mahitaji: mmoja anataka gati, barafu ya samaki na leseni ya kuvua usiku, mwingine anataka soko la mahindi na hatimiliki. Watu 121,662 wakipiga kura pamoja na 22,258, mgombea mwenye akili atajua pa kufanyia kampeni, na hatapoteza mafuta ya boti kwenda Ndau.

Liko jambo jingine ambalo kwenye mijadala ya Nairobi halitajwi, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Kwa nini watu wa Lamu Mashariki ni wachache? Wakati wa vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, kati ya 1963 na 1967, vijiji vya Wabajuni vya pwani ya bara vilishambuliwa, na familia nyingi zilikimbilia visiwani, Amu, Malindi, Mombasa. Wengi hawakurudi. Halafu ikaja Al-Shabaab, na operesheni ya kijeshi ya msitu wa Boni iliyoanza 2015, na vijiji vya Basuba vikakaa miaka shule zikifungwa na zahanati zikifungwa. Anayesema "mmepungua, kwa hiyo mpunguziwe mbunge" anamwambia mtu aliyefukuzwa kwake na ukosefu wa usalama kwamba kutokuwapo kwake ndiko sasa kunakomnyima sauti ya kudai usalama. Kisheria hoja hii haina asilimia yake. Kwa haki ya kawaida, ina uzito.

Pwani kuna kisa kingine, chepesi kidogo. Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 na ina maeneo bunge manne: Taveta, Mwatate, Voi na Wundanyi. Kwa wastani wa kitaifa hao ni watu wa wabunge wawili na chembe. Wundanyi, wenye milima yao na watu wasiofika 60,000, ndio wa kwanza kutazamwa. Hapo hakuna bahari ya kuvuka wala vita vya kuelezea, kwa hiyo utetezi wao ni mgumu zaidi. Na Mombasa, kwa 1,208,333, inafikia wabunge saba na ushei wakati ina sita. Sijasikia aliyeandamana Kisauni kudai kiti cha saba, jambo la kuchekesha, ila lina maelezo. Mbunge wa eneo linalotaka kufutwa ana jina, ana ofisi, ana vijana wa kumpigia makofi. Mbunge wa eneo ambalo bado halijachorwa hajulikani hata na yeye mwenyewe.

Mlima na kauli yake

Wa Kati wana kejeli yao ya pekee. Kwa miaka kadhaa viongozi wa Mlima Kenya wamedai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja": fedha na viti vifuate idadi ya watu. Ni dai lenye mantiki, na linawafaa mradi unahesabu eneo zima kwa pamoja. Likishuka hadi kaunti moja moja, mambo hubadilika. Kiambu, yenye watu 2,417,735 na viti 12, inastahili 14 na zaidi. Nyeri, yenye 759,164 na viti sita, inastahili vinne na nusu. Othaya, Tetu na Mukurweini zote zilihesabiwa chini ya watu 100,000.

Yaani kauli ile ile inayompa Ruiru mbunge wa pili ndiyo inayomfuta mbunge wa Othaya, jimbo lililomtoa Mwai Kibaki. Watu wa Ruiru wengi ni watoto wa Othaya, Kangema na Mathioya waliofuata kazi na ploti. Baba aliyebaki kijijini kuchuma chai anapoteza mbunge kwa sababu watoto wake wote watano wamepata kazi mjini. Ukimwambia huo ndio usawa, hatakupinga sana. Atakuuliza basari ya mjukuu ataitafuta ofisi gani.

Swali hilo la basari ndilo ufunguo wa mambo yote, nitalirudia. Kwanza sensa.

Ugomvi hushuka hadi kwenye sensa

Viti vikifuata vichwa, vichwa vinakuwa mali. Agosti 2010, aliyekuwa waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera, akisema ongezeko lilizidi kile ambacho vizazi na vifo vingeweza kueleza. Kesi zilifuata. Baada ya sensa ya 2019 malalamiko yakageuka upande: viongozi wa Kaskazini Mashariki wakasema safari hii wamepunguzwa, nao wakaenda mahakamani.

Isiolo Kusini inaonyesha uzito wa jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2009 Garbatulla, ambayo ndiyo eneo bunge hilo, ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 43,000, ikaponea kinga. Mwaka 2019 ilihesabiwa 99,730. Kiwango cha chini cha sehemu zenye watu wachache ni 98,409. Imepita kwa watu 1,321, idadi ya kijiji kimoja. Sina la kusema kuhusu usahihi wa hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba kamishna yeyote atakayekaa na ramani ya Isiolo atajua kwamba kijiji kimoja kikihesabiwa vingine, mbunge anaondoka.

Fedha zilizofungwa kwenye ramani

Mwaka 2003 Kenya ilianzisha mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, CDF. Sheria ya 2015 iliupa sura mpya na kuutengea angalau asilimia 2.5 ya sehemu ya mapato ya serikali kuu. Ndio unaojenga madarasa, vituo vya polisi na ofisi za machifu, na ndio unaolipa basari ambazo kwa familia nyingi ndiyo tofauti kati ya mtoto kukaa shule na kurudishwa nyumbani. Kwa kiasi kikubwa fedha hizi hugawanywa sawa kwa sawa kati ya maeneo bunge, si kwa idadi ya watu. Chukua kila shilingi milioni 100 uone: Lamu Mashariki ni kama shilingi 4,500 kwa mkazi, Kisauni ni kama 340.

Ongeza na hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kaunti ndogo ni sawa na maeneo bunge. Kwa hiyo eneo bunge likifa, hufa nalo msimamizi wa kaunti ndogo, ofisi zake, magari yake, na mara nyingi madai ya hospitali ya ngazi ya juu zaidi na afisa wa kilimo wa karibu. Mji mdogo uliokua kwa sababu ya kuwa makao makuu unabaki na majengo matupu na wapangaji waliohama.

Basi mtu anapoinuka kwenye kikao cha kukusanya maoni na kusema "hatutaki kuunganishwa", sikiliza analolitetea. Uwakilishi umo. Lakini kilicho karibu na roho yake ni karo, daraja, ajira ya ukarani, na soko la siku ya mkutano. Katiba ilitunga ibara ya 89 kwa ajili ya kura. Sheria zilizofuata zikaning'iniza huduma kwenye mistari ile ile. Ukihamisha mstari umehamisha sahani, na hakuna jamii inayokubali sahani yake ihamishwe kwa kusomewa wastani wa kitaifa.

Kwa maoni yangu, upinzani wa wenyeji ungepoa nusu nzima kama fedha zingegawanywa kwa namna nyingine: kwa umaskini, kwa umbali, kwa watu, kwa chochote kisichokuwa mpaka wa mbunge. Mahakama Kuu ilitamka Septemba 2024 kwamba mfuko huo unakiuka Katiba na kwamba uishe Juni 30, 2026. Wabunge, kama ilivyotarajiwa, wakatafuta njia ya kuuingiza ndani ya Katiba yenyewe. Wakifaulu, fundo litakazwa zaidi, na wale wale waliowaliza watu kuhusu mipaka ndio watakaokuwa wameifanya isiguswe.

Historia inayowapa watu shaka

Kuna shaka ya kale pia, na ina msingi. Viti vilikuwa 158 baada ya Seneti ya kwanza kuvunjwa, vikawa 188 miaka ya themanini, vikawa 210 mwaka 1996. Kila ongezeko lilifanywa chini ya chama tawala, na maeneo yaliyoaminika kuwa yake hayakuonewa. Mwaka 1992 KANU, chama tawala, ilipata viti 100 kati ya 188 wakati Rais Moi alipata kama asilimia 36 ya kura za urais. Wapinzani kugawanyika kulichangia, ramani nayo ilichangia. Embakasi, Nairobi, ilikuwa eneo bunge moja hadi 2012, na sensa ya 2009 iliikuta na watu zaidi ya 900,000.

Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, iliitaja tofauti hii ya idadi ya watu kati ya maeneo bunge kuwa kasoro kubwa. Ikaundwa tume ya mpito ya mipaka chini ya Andrew Ligale, nayo mwishoni mwa 2010 ikatoa mapendekezo ya viti 80 vipya. Vikazuka kesi na kelele, muda wake ukaisha, kazi ikaachiwa IEBC. Mipaka ya Machi 2012 ilipotoka, zaidi ya kesi mia moja zilifunguliwa. Mahakama Kuu ilizisikiliza kwa pamoja na kutoa hukumu Julai mwaka huo, ikaacha mengi kama yalivyokuwa na kurekebisha machache. Nyingi hazikuhusu viti. Zilihusu kata ndogo moja iliyohamishiwa wadi ya jirani, jina lililoonekana la ukoo mmoja, makao makuu kupelekwa ng'ambo ya mto.

Katika kesi za aina hiyo huchanganywa mambo mawili ambayo ni vyema kuyatenga. Mpaka wa eneo bunge si mpaka wa ardhi: shamba la mtu, hatimiliki na malisho havihami kwa sababu mbunge amebadilika. Na si mpaka wa kaunti. Kubadili mpaka wa kaunti, kama ule unaogombewa na Taita Taveta na Kwale pale Mackinnon Road, kuna ibara yake, ya 188, inayotaka tume maalumu na theluthi mbili za mabunge yote mawili. IEBC haiwezi kumhamisha mtu kutoka kaunti moja hadi nyingine hata ikitaka. Wanasiasa wengi wanajua hivyo na bado huchochea.

Njia zilizopo, na bei yake

Njia rahisi kusema ni kuongeza viti, kwa kuwa atakayebaki hakosi na atakayekuja anapata. Mpango wa BBI wa kurekebisha Katiba ulitaka kuongeza 70, vifike 360, na uliandika kabisa kaunti gani ipate vingapi. Nairobi ilipewa 12. Mahakama ya Juu, Machi 2022, ilikataa mgao huo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Na hata ungepita, kila mbunge ni mshahara, ofisi, gari na mlinzi, na Wakenya wanaolipa kodi hii wameshachoka kuzihesabu.

Tanzania imekwenda njia ya kuongeza. Mei 2025 tume ya uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, yote yakawa 272, kwa kugawa majimbo yaliyojaa kama Mbagala, Ukonga na Mbeya Mjini. Huko ombi huanzia wilayani na kupanda mkoani, na kwa kuwa hakuna kikomo kama 290, ugomvi haufikii kuuana kisiasa. Gharama yake inalipwa kimyakimya.

Njia ya pili ni kurekebisha Katiba na kurefusha kinga kwa maeneo machache yenye sababu za pekee. Hapa ningekuwa mkali. Lamu Mashariki ina hoja inayosimama: visiwa, mpaka wa nchi, watu waliohamishwa na vita. Othaya haina hoja hiyo. Ina lami, ina hospitali, na imepakana na jirani wanaozungumza lugha moja na kuuza chai kwenye viwanda vya aina moja. Kinga ikigawiwa kwa wote 27 kwa mkupuo, kama wabunge wanavyotaka, Kisauni na Ruiru wataendelea kulipa deni la kila mtu.

Njia ya tatu imo ndani ya ibara yenyewe, na mawakili wa maeneo madogo wanaipenda: Katiba inasema tume ifanye kazi hatua kwa hatua kuelekea wastani. Hatua kwa hatua, wanasema, maana yake si kufutwa kwa pigo moja. Upande wa pili hujibu kwamba hatua ya kwanza ilikuwa 2012, na miaka 12 imepita.

Kwa anayetaka kupinga kwa njia inayozaa kitu, utaratibu upo. Tume inalazimika kusikiliza wahusika wote kabla ya kuamua, na maoni yenye uzito ni yale yanayojibu vigezo vya ibara ya 89: saa za safari kutoka kijiji hadi makao mapya, gharama ya mashua, shule na soko wanaloshiriki, uwezo wa kuvuka mto wakati wa masika. Kusema "sisi hatupatani na wale" hakuna kigezo. Mipaka ikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, kuna siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, na mahakama ina miezi mitatu kuamua. Mbunge aliyeko hamalizwi hapo hapo, kwa sababu mipaka mipya huanza Bunge linapovunjwa kwa ajili ya uchaguzi unaofuata.

Mapitio yasipoiwahi 2027, uchaguzi unaofuata ni wa 2032, na kabla yake kutakuwa na sensa nyingine, ya 2029. Wastani hautakuwa tena 164,015. Kwa kasi ya Ruiru, Mavoko na Kisauni utapanda, na maeneo ambayo leo yanapita kwa kijiji kimoja yataanza hesabu upya.